Maji ya Gesi

Mteja alitaka maneno 1,500 kuhusu jinsi ya kuweka mfereji wa maji ya gesi nyumbani. Nilikubali kabla hata sijajua ni kitu gani. Tangu niache chuo kikuu kwa kukosa karo nimeandika kuhusu magodoro ya mbwa na bima ya boti, maji yangenishindaje?

Kumbe ni hivi. Unachepusha maji kutoka kwa paipu iliyo chini ya sinki, unaweka chujio, halafu mashine inayoyapoza na kuyaingizia gesi ya kaboni kutoka kwa mtungi. Lazima yawe baridi sana, kwa sababu maji yenye joto hayashiki gesi vizuri. Na mbele ya mashine usitumie paipu ya shaba: maji hayo yana tindikali kidogo, huila shaba, nawe ukaishia kuinywa. Hapo nilinogewa, si utani. Niliandika "jikoni kwako" mara kumi na moja.

Jikoni kwetu ni kibanda cha mabati Ifo, kambi ya Dadaab iliyofunguliwa 1991, kabla sijazaliwa. Maji hupampiwa kutoka visima virefu hadi tangi la juu, kisha yanashuka kwenye mifereji ya bloku kwa saa zake. Yakitufikia ni vuguvugu. Hayo hayashiki gesi hata ukiyabembeleza.

Pesa ilipoingia M-Pesa nikamtafuta fundi. Akasema kutoka laini ya bloku hadi uani kwetu ni paipu nyeusi ya plastiki, viungio vichache na usiku mmoja. Usiku, kwa sababu hairuhusiwi. Nilimwambia Hooyo nikitarajia dua. Mgongo wake umebeba jerikeni za lita 20 tangu nikiwa tumboni.

"Hooyo," akaniita, maana mama zetu humwita mtoto kwa jina lao wenyewe, "na wale wa mwisho wa laini watakunywa nini?"

Jibu nililijua, nilikuwa nimelipwa kuliandika: kila tawi unaloongeza linapunguza presha ya walio mbele. Bado nilikasirika. Nikamwambia hao wa mwisho hawajawahi kumbebea hata kikombe. Hakunijibu. Alichukua jerikeni mbili akaenda kupanga foleni. Nilikaa kama dakika kumi nikijifanya nachaji simu, kisha nikamfuata.

Wiki tatu baadaye mtu mwingine alivuta paipu yake, usiku, juu yetu kwenye laini. Sasa mfereji wetu unatoa maji membamba kama uzi, na ndoo moja inachukua muda wa kusimulia ukoo mzima. Hooyo hajasema lolote.

Mteja naye amerudi. Anataka maneno 800 kuhusu kuondoa ladha ya plastiki kwenye maji.