Fundo Linalofunguka

Watu wengi wakiona turubai wanaona plastiki tu. Mimi nimekulia chini ya hiyo plastiki. Nilikuwa mtoto Kakuma, kule Turkana, nikamaliza Form Four huko huko, halafu nikarudi Juba, mahali ambapo wazazi walikuwa wananiambia ndiko kwetu. Sasa nafanya kazi na vijana wa Gorom, nje kidogo ya mji. Kumbe aliyekuwa mkimbizi jana ndiye mwenyeji wa mkimbizi wa leo. Na mgeni akifika, swali la kwanza huwa si la shule wala la mpira. Anauliza, "Kaka, hii kitu inafungwaje?"

Gorom kwa miaka mingi ilikuwa makao ya Waethiopia, hasa Waanyuak kutoka Gambella. Vita vya Sudan vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, watu wa Khartoum na Omdurman wakaanza kuingia. Wengi wao ni watu wa mjini. Huyu alikuwa mwalimu, yule fundi wa simu, mwingine alikuwa na duka. Mtu kama huyo hajawahi kuchimba shimo la nguzo maishani. Anapokea turubai na kamba, anaweka kidole gumba kwenye orodha, anaondoka. Anayeandika orodha anaandika: familia moja, makazi tayari. Ukweli ni kwamba hapo bado hakuna makazi.

Tupige hesabu kidogo. Turubai la kawaida la UNHCR ni mita 4 kwa mita 5, yaani mita za mraba 20. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika mengi yanaufuata, unasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za mahali palipofunikwa. Familia ya watu watano inahitaji 17.5. Kwa kalamu inatosha na chenji inabaki. Lakini hakuna anayelala juu ya turubai lililotandazwa. Ukiliinua liwe paa, ukishusha pande ziwe ukuta, sakafu inayobaki ni kama nusu. Hapo ndipo baba analala nje, na watoto wakubwa wanatafuta pa kulala kwa marafiki. Sisi wa kazi ya vijana tunajua usiku kama huo unaleta nini.

Kwa hiyo kile kidogo ulichopewa lazima kikae sawa. Nitaeleza tunavyofanya na kikundi chetu.

Nguzo kwanza. Shimo liwe la nusu mita, au mkono uingie mpaka juu ya kiwiko. Mchwa hawana huruma, kwa hiyo tunachoma ncha ya chini ya mti mpaka iwe nyeusi kabla ya kuisimika, tunatia jivu ndani ya shimo, halafu tunashindilia udongo kwa mawe. Haimalizi mchwa, inawachelewesha. Ncha ya juu tunaizungushia kitambaa au gunia kuukuu, kwa sababu mti wenye makali hutoboa plastiki polepole wala hutasikia.

Paa liwe na mteremko mkali. Paa lililolala linakusanya maji katikati, linakuwa tumbo, halafu siku moja tumbo linapasuka usiku. Na turubai likazwe kama ngoma. Adui mkubwa wa turubai ni kupigapiga. Upepo ukilitikisa siku nzima linajichana lenyewe pale linapogusa mti. Ukisikia pa-pa-pa, toka nje ukaze kamba. Kumbuka kamba ya katani ikilowa inajikaza, ya nailoni inalegea, kwa hiyo baada ya mvua zunguka uziguse zote.

Usipigilie misumari. Kila tundu la msumari ni mwanzo wa mpasuko. Kama matundu ya pembeni hayatoshi, tafuta kijiwe laini cha mviringo, kama ndimu. Kiweke upande wa ndani, kivutie turubai likikumbatie, halafu funga kamba shingoni mwake upande wa nje. Kijiwe kinashika, plastiki haitobolewi, na fundo linaweza kufunguliwa. Nilifundishwa hivyo Kakuma na mzee mmoja Msudan Kusini aliyekuwa amehama mara nyingi kuliko umri wangu.

Jua nalo linakula. Turubai lililokaa wazi linachoka haraka, linaanza kutoa unga ukilisugua. Ukipata nyasi, weka tabaka juu yake. Ndani kunakuwa na nafuu na turubai linaishi zaidi. Ila nyasi na plastiki vyote vinapenda moto. Jiko likae mbali, na kati ya hema na hema Sphere wanataka angalau mita 2. Najua mahali pengine hata nusu mita hakuna. Basi hapo ndoo ya mchanga ikae mlangoni.

Sasa nije kwenye mtaro, kwa sababu hapa ndipo watu wanapogombana.

Juba mvua inaanza kama Aprili na inaendelea mpaka Oktoba hivi. Waliokuwa Tomping wanajua maana yake. Desemba 2013, mapigano yalipozuka, maelfu walikimbilia kambi ya UNMISS pale karibu na uwanja wa ndege. Palikuwa salama dhidi ya risasi, lakini ni bondeni. Mvua za 2014 zikaja, watu wakalala ndani ya maji machafu, na mwishowe wakahamishiwa UN House upande wa Jebel. Risasi walizikwepa. Maji yakawafuata pale pale walipojificha.

Mtaro unazunguka hema, na udongo unaoutoa unautupa upande wa hema ili uwe tuta. Hiyo kila mtu anaelewa. Swali ni maji yanaenda wapi. Mtaro usio na mwisho ni bwawa, na mtaro unaoishia mlangoni kwa jirani ni vita. Nimeshaamua ugomvi wa majembe kati ya vijana wawili, Mkongo na Msudani, ambao hawakuwa na lugha moja ya kutukanana lakini walielewana vizuri sana kwa mikono. Tangu hapo hatuchimbi hema moja moja. Tunachimba mstari mzima. Tunamwaga ndoo ya maji juu, tunayafuata kwa macho yanakoelekea, wote wanaona. Maji hayana kabila, na yakishaonyesha njia hakuna mtu wa kulaumu.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, tulifika kwa mama mmoja wa Omdurman. Anaishi na wajukuu watatu. Turubai lake lilikuwa limening'inia kama shuka kwenye kamba ya nguo. Nikamsalimia, nikamwomba ruhusa tuanze. Akakataa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina nyumba. Ina ghorofa moja juu. Ukinichimbia mtaro hapa, unaniambia nikae."

Vijana wakaniangalia. Tulikuwa na majembe matatu ya kuazima na jioni ilikuwa inaingia. Nikaketi. Akanihadithia nyumba yake, jikoni, mti wa ndimu uani, mlango wa chuma aliounulia kwa pesa yake mwenyewe. Sikumwambia kwamba mambo yatachukua muda, maana hilo alilijua kuliko mimi. Mama yangu naye aliishi Kakuma miaka yote akisema "mwaka huu tunarudi", na kila mwaka huo huo alisiliba ukuta kwa udongo.

Halafu akauliza lile fundo la kijiwe ni la nini. Nikamwonyesha: kaza, vuta, linashika. Vuta mkia wa kamba, linafunguka. Turubai linatoka zima, bila tundu, unalikunja unaondoka nalo.

Akalifunga mwenyewe. Akalifungua. Akalifunga tena.

"Sawa," akasema. "Hili nataka. Na mtaro chimbeni. Lakini ukuta wa udongo, hapana."

Hatukujenga ukuta. Mvua kubwa ya kwanza ilipopita nilienda kumwangalia asubuhi. Mtaro ulikuwa umejaa matope, sakafu yake ilikuwa kavu, na mjukuu mkubwa alikuwa anazunguka na kukaza kamba moja moja bila kutumwa.

Watu wengi hapa wanaacha hema liharibike, na mgeni anadhani ni uvivu. Wengi wanaogopa kwamba wakitengeneza vizuri, wamekubali. Mimi naona kinyume chake. Mtoto aliyelala pakavu anaenda shule. Mgonjwa wa kifua anapona. Mtu aliyelala ndiye mwenye nguvu ya kufuatilia karatasi zake, kupiga simu kwao, kupanga safari. Kukaza kamba hakukufungi mahali.

Kwa ninyi wa mashirika mnaosoma jarida hili: turubai bila miti ni nusu ya msaada, maana mtu ataingia porini kukata, au atamtuma binti yake. Wenyeji watakasirika, na wana haki. Tena ukileta nguzo, fikiria zina bei gani sokoni. Baada ya 1994 kule Rwanda, wakimbizi walipokuwa wanakata miti sana, UNHCR ilileta nguzo za alumini. Watu wakaziuza, wakarudi kukata miti. Nani asingeuza, watoto wakiwa na njaa? Ndiyo maana msanifu Mjapani, Shigeru Ban, akapendekeza mirija ya karatasi ngumu, na mwaka 1999 mahema 50 ya namna hiyo yakajaribiwa Byumba. Huku kwetu mianzi ingetosha, pamoja na kamba ya ziada na majembe mawili kwa kila mstari. Na msihesabu maturubai yaliyotolewa tu. Rudini mwezi wa tano mhesabu yaliyosimama.

Na kwenu vijana wenzangu: mwezi wa tatu, kabla ya mawingu, zungukeni mstari wenu. Anzeni kwa wazee, kwa mama aliyejifungua, kwa mtu anayetembea kwa magongo. Bebeni vijiwe vya mviringo mfukoni. Ombeni ruhusa kwanza. Na mkimaliza, msiondoke mpaka mwenye hema amelifunga fundo moja kwa mkono wake na kulifungua.