Ugonjwa wa Tambarare

Mwezi uliopita niliifunga gereji yangu hapa Wote, si kwa kufilisika, bali kwa kuwa macho hayauoni tena mwanya wa pointi. Nilizaliwa Mutomo, upande wa Kitui, nikachunga mbuzi, nikasoma kidogo. Na Edgar Herrmann aliposhinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Datsun 240Z, kisha Shekhar Mehta akashinda kwa gari la namna hiyo hiyo mwaka 1973, nilikwisha azimia moyoni kwamba riziki yangu itatoka katika injini. Ya utoto yatosha.

Nilivuka Mto Athi nikaenda Makindu, kwa fundi mmoja Kalasinga ambaye sote tulimwita Sardarji, mtu hodari na mkali, aliyeweza kusawazisha kabureta mbili za 240Z kwa kutia ncha ya mpira sikioni na kusikiliza pumzi ya kila moja. Maarifa yangu yote asili yake ni kwake, nami simnyimi haki yake. Illa katika jambo moja tulihitilafiana, na mauti yake hayakunibadilisha rai.

Ililetwa kwetu 240Z iliyokuwa na maradhi ya ajabu. Likiwa tambarare, baina ya Kibwezi na Makindu, mguu ukiwa mwepesi juu ya pedali, gari lilikatika nguvu ghafla, likashtukashtuka kama punda aliyeona nyoka, kisha likaendelea kana kwamba hapakutukia neno. Na siku nyingine lilifika Sultan Hamud bila kosa lolote. Sardarji alilisimamisha kando ya njia, akafungua kifuniko cha tangi, hewa ikaingia kwa mluzi, naye papo hapo akahukumu: tundu la kupitisha hewa limeziba, petroli inavutwa tangini ilhali hewa haiingii, pampu imeshindwa.

Hoja hiyo ni sahihi kielimu, wala sikuipinga. Niliuliza tu, “Sardarji, mbona mlimani halichoki?” Kwani gari lenye njaa ya petroli huchoka pale linapohitaji petroli nyingi, na hili lilipanda miinuko ya Kilima Kiu pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini, likinguruma kwa afya kamili.

Akanijibu, “Kijana, shika spana.”

Tundu likazibuliwa, gari likaenda, na baada ya siku chache likarudi na maradhi yale yale. Sardarji alikuwa amekwenda Nairobi. Ubavuni mwa distribyuta kipo kikombe kidogo chenye ngozi ndani, ambacho injini hukivuta kwa mpira mwembamba dereva akanyagapo kidogo, nacho huzungusha sahani ya pointi ili moto uwahi. Akikanyaga mpaka chini, au injini ikizunguka polepole gari limesimama, mvuto hupungua na sahani hurudi mahali pake. Niliuchomoa mpira ule, nikauvuta kwa kinywa changu injini ikizunguka: ikazima. Nikaiwasha tena, nikavuta: ikazima tena. Nilipofungua distribyuta niliukuta waya mfupi wa pointi, mzima kwa nje, ndani nyuzi zake za shaba zimekatika, zikigusana na kuachana kila sahani ilipotembea. Hapo nikafahamu pia kwa nini gari lilionekana limepona kila liliposimamishwa.

Sardarji aliporudi alisema ule waya umekatika baadaye, na kwamba maradhi yalikuwa mawili. Malipo aliyapokea yeye. Mimi nilipelekwa Gurdwara ya Makindu, hekalu la Makalasinga, nikapewa chai na chapati, ambavyo hapo kila msafiri hupewa bure.

Nanyi vijana, mnaoleta mashine ya kusoma kompyuta kwenye gari lisilo na kompyuta, kisha mkamtuma mwenye gari Grogan, kule Nairobi, akanunue koili, kondensa na pampu kwa mkupuo mmoja, hata likipona hamjui ni kipi kilichoponya: huko si kutengeneza, ni kucheza kamari kwa fedha ya mtu. Ulizeni kwanza gari linaugua wapi, na wapi haliugui. Msiliache lipumzike kabla ya kulipima, maana ugonjwa wa kuja na kwenda haushikwi ukiwa haupo.

Mimi nashikilia kuwa kifuniko cha tangi hakikuwa na hatia. Fundi yeyote wa Makueni au Kitui mwenye hoja kinyume na anijie nyumbani. Waya wenyewe ninao, na mpira wa kuvutia upo.