Gari la Mjomba Lilipotetemeka

Je, umewahi kushika usukani ukaona mikono yako ikitetemeka kama ya mgonjwa wa malaria? Hayo yalinipata Desemba moja tulipokwenda Uriri kwa likizo.

Mjomba wangu ana Land Rover kuukuu ya kijeshi, Series III, aina iliyoundwa kati ya 1971 na 1985. Aliinunua mnadani. Asubuhi hiyo aliniambia, "Mpwa wangu, gari hilo linavuta upande. Pitia kwa fundi kwanza." Nikampuuza, nikawapakia watoto kwenda Awendo. Mteremkoni gurudumu la mbele liligonga shimo, usukani ukaanza kucheza kushoto na kulia. Nilikanyaga breki. Tulisimama hatua chache tu kutoka mtaroni, watoto wakilia.

Niliamini boksi ya usukani imekufa, nikawa tayari kununua nyingine. Fundi, mzee wa jua kali, akacheka. "Nyathina, usinunue dawa kabla hujajua panapouma."

Aliinua ekseli ya mbele kwa jeki, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Kisha kijana wake akazungusha usukani kidogo huku mzee akipapasa boljointi zote sita. Mbili zilikuwa zimelegea. Akazifungua, halafu, amini usiamini, akaenda kuazima mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama! Akaifunga kwenye mkono wa usukani pale gurudumuni, akavuta. Gurudumu liligeuka kwa kilo 2, ilhali lilitakiwa kukaza hadi karibu kilo 7. Kingpini zilikuwa zimelegea. Akapunguza vibati vyembamba vilivyo chini ya kingpini ya juu, akafunga boljointi mpya, akapima kwa utepe hadi magurudumu yakakaribiana mbele kuliko nyuma kwa takriban milimita 2.

Boksi ya usukani? Ilikuwa nzima kabisa. Pesa zangu zilipona.

Jioni nilimwomba mjomba msamaha. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Watoto wamekula?" Swali hilo liliniuma kuliko fimbo.

Kwa hivyo msomaji, gari lenu likianza kuvuta au kutetemeka, likaguliwe kabla ya safari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nusura nichimbe makaburi.