Kuona Dar es Salaam kwa Fedha Kidogo

Ndugu msomaji, kila mwaka likizo ya watoto ikaribiapo, neno lile lile huzuka katika nyumba nyingi za bara. Mtoto husema, "Baba, wenzangu wameiona bahari. Sisi tutakwenda lini?" Baba hukohoa, humtazama mama, kisha hujibu, "Tutaona." Wote wawili wajua maana ya "tutaona". Maana yake fedha hakuna.

Leo natulifikiri jambo hili pamoja. Si kweli kwamba mji ni wa wenye mali tu. Lakini pia si vema kukopa kwa jirani ili kumpeleka mtoto pwani, halafu Januari ikifika akose madaftari na viatu. Furaha ya siku nne isigeuke deni la miezi minne. Basi yafaa kupiga hesabu kwanza na kufunga mizigo baadaye.

NAULI

Tenga nauli ya kurudi kabla ya kitu kingine chochote, wala usiiguse. Mwenye nauli ya kurudi hulala usingizi hata kama mfuko mwingine umebaki mtupu.

Kwa watu wa Morogoro na Dodoma safari imekuwa nyepesi. Treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria mwaka 2024, nauli ya kawaida kutoka Morogoro mpaka Dar es Salaam ilipangwa kuwa shilingi 13,000, na kutoka Dodoma shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alipangiwa nusu. Kwa bei hizo, baba, mama na watoto wawili kutoka Morogoro walihitaji shilingi 39,000 kwenda, yaani 78,000 kwenda na kurudi. Bei hubadilika, basi uliza kwanza. Tena treni hukushusha katikati ya mji, lakini mabasi ya mikoani huishia Mbezi, na toka huko hapana budi kulipa nauli nyingine.

MAHALI PA KULALA

Wengi wetu tuna ndugu Dar es Salaam. Hapo ndipo pana hatari kubwa kuliko ile ya fedha, yaani hatari ya kuharibu undugu. Mkumbuke huyo mwenyeji wako. Labda ana vyumba viwili Mbagala au Tandale. Maji hununua, mkaa hununua, hata mchicha ambao wewe wauchuma nyuma ya nyumba, yeye huununua. Wageni wanne wakiingia ghafula, yeye atacheka nao, lakini usiku atahesabu senti zake gizani.

Kwa hiyo mwulize mapema, mpe nafasi ya kukataa bila aibu. Akikubali, njoo na mchele, maharage na unga wa kutosha siku zako zote. Mama na asaidie jikoni, watoto wakunje mikeka asubuhi. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje kupewa.

Asiye na ndugu aulize parokiani au usharikani kwake habari za hosteli za makanisa, au atafute nyumba ya wageni ya bei ndogo sehemu za Magomeni na Ilala. Tazama chumba na chandarua kabla ya kulipa, na uulize kama watoto waweza kulala nanyi kwa bei ile ile.

SIKU YA KWANZA: KWA MIGUU

Mambo mengi mazuri ya mji wa kale yako karibu karibu, na kuyatazama kwa nje hakuna malipo. Anza asubuhi kabla jua halijawa kali, ufuate barabara ya bandarini. Waeleze watoto kwamba mahali hapa palikuwa kijiji kiitwacho Mzizima, na kwamba Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji hapa katika miaka ya 1860.

Utaona Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, na mnara wake mrefu uliochongoka. Karibu yake ni kanisa la Kilutheri la Azania Front, nalo la zamani zile zile za Wadachi, limeielekea bandari. Ingieni kwa adabu, mkae kimya kidogo. Miguu ya watoto itapumzika, na macho yao yatapata kazi.

Kutoka hapo pandeni mpaka barabara ya Samora, muione sanamu ya Askari. Ni ya shaba, ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maneno yake yameandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mwache mtoto mkubwa awasomee wadogo.

Mbele kidogo iko bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wadachi mwaka 1893, na karibu nayo Makumbusho ya Taifa. Hapa pana kiingilio, lakini mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Fedha hii usiionee uchungu. Watoto watajifunza habari za fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilivumbua Olduvai mwaka 1959, nalo lina umri wa miaka kama 1,750,000. Wataona pia kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa mwaka 1998, uliowaua watu wetu wasio na hatia. Mtoto aliyesoma mambo hayo kitabuni huyaelewa vingine ayaonapo kwa macho.

SIKU YA PILI: BAHARI

Pandeni mwendokasi mpaka Kivukoni mapema. Tazameni soko la samaki, jinsi wanavyonadi na jinsi akina mama wanavyokaanga. Kisha ingieni kivuko cha kwenda Kigamboni. Mwaka 2012 nauli ya mtu wa miguu ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200, watu walinung'unika sana. Hata hivyo, kwa mtoto wa bara ambaye hajawahi kuona meli, kuvuka bandari kwa fedha kama hiyo ni safari ya bahari kamili.

Fukwe nyingine za Kigamboni hutoza kiingilio, basi uliza kabla ya kupanda bajaji. Asiyetaka kuvuka aende Coco Beach, ufuko wa umma, akale muhogo wa kukaanga na pilipili.

Neno moja la kuonya. Bahari si mto wa kwenu. Maji hujaa na kupwa, na mawimbi humwangusha hata mtu mzima. Mtoto asiyejua kuogelea asipite magoti, na mzazi mmoja asiondoe macho majini hata dakika moja. Hakuna safari ya bei nafuu inayostahili msiba.

KARIAKOO NA CHAKULA

Kariakoo nendeni kutazama. Jina lake latokana na wapagazi wale wale wa sanamu ya Askari, waliopiga kambi hapo zamani za vita, wakiitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Jengo la soko lenye mapaa kama miavuli lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza Julai 2021. Fedha ya matembezi ya siku ile tu iwe mfukoni, mfuko wa mbele, na watoto washikwe mikono. Bora mpe kila mtoto fedha yake ndogo, achague kitu kimoja. Atachagua kwa akili kuliko unavyodhani, na hatakusumbua kila duka.

Chakula cha mchana kuleni kwa mama lishe, pale mnapoona wafanyakazi wengi wameketi. Wali na maharage ya moto hushinda keki ya dirishani. Chupa za maji zijazeni nyumbani, maji yaliyochemshwa. Senti nyingi za msafiri hupotelea katika vinywaji vya njiani.

KAMA MWAKA HUU HAZITOSHI

Basi, ndugu msomaji, kama mwaka huu fedha hazitoshi, usione haya kuwaambia watoto ukweli. Nunua kibubu leo, mkiweke mahali wote wakionapo. Shilingi 500 kila siku ni shilingi 182,500 kwa mwaka. Kwa bei zile za treni, nauli ya jamaa ile ya Morogoro ingetoka humo, na shilingi 104,500 zingebaki za chakula, kivuko na makumbusho. Mtoto aliyetia shilingi zake mwenyewe atauona mji kwa macho mengine. Na siku akiuliza tena, "Tutakwenda lini?" baba hatakohoa. Atakinyanyua kibubu na kumpa akipime uzito.