Namna Tulivyompa Joka Akili

Wenzangu wa chama chetu cha michezo ya mezani wameniomba nieleze katika gazeti letu jinsi tulivyofanya muhula huu hata majoka wetu wakawa wagumu kushindwa. Nimekubali kwa furaha, maana ndimi niliye Msimulizi tangu Januari, na tena wako walimu na wazazi waliotuona Jumamosi jioni nyuma ya bwalo tukibishana juu ya joka ambaye hayupo, wakapita bila kuuliza.

Mchezo wenyewe waitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa huko Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukaanza kuuzwa mwaka 1974, nakala 1000 tu kwa mara ya kwanza. Si kama bao au karata ambako mmoja humfunga mwenzake. Mtu mmoja, ndiye Msimulizi, husimulia hadithi. Wengine kila mmoja ana shujaa wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na silaha zake na pointi zake za uhai, naye husema shujaa huyo atatenda nini. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano kama upanga utampata adui au utapita hewani, huamuliwa kwa namba ya bahati kuanzia 1 hadi 20. Wenye uwezo hutumia dado yenye pande ishirini. Sisi tuna vizibo 20 vya soda vilivyoandikwa namba, ndani ya kopo la maziwa, pamoja na dado nne za kawaida zilizosalia katika ludo fulani iliyopoteza kete zake zote. Wazazi wasishtuke kusikia habari ya dado: hapana senti inayowekwa, na mwalimu mlezi wa chama hukaa nasi mara nyingi.

Kanuni nazo hatukuzinunua. Mnamo Januari 2023 wenye mchezo walitoa kanuni za msingi kwenye intaneti kwa leseni ya Creative Commons, kila mtu aweze kuzichapa apendavyo. Ni kurasa zipatazo 400. Sisi tulichapishiwa sitini tu wakati wa likizo, na kati ya hizo kurasa za majoka ndizo zilizochakaa kuliko zote.

Basi shida ilikuwa hii. Mwaka jana majoka walikuwa wakifa upesi mno. Tulisafiri katika hadithi muhula mzima, tukavuka milima na kuuliza wazee habari za joka, na tulipomfikia alikuwa amekaa katikati ya pango kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa, akauawa kabla ya kengele ya chakula cha usiku. Baadhi ya wenzetu waliacha kuja. Mmoja alisema afadhali akafue nguo, na kweli akaenda kufua.

Sababu yake yaonekana kwa hesabu. Kanuni zawagawa majoka kwa rangi kumi na kwa umri mara nne: kinda, kijana, mzima na mkongwe. Chukua joka kijana wa rangi ya kijani. Ana pointi 136 za uhai, na ngozi yake ina namba 18; maana yake, mpiganaji mwenye nyongeza ya 7 hana budi kupata kizibo cha 11 au zaidi ili ampate, yaani nusu ya vizibo vyote. Hiyo si ngozi nyepesi. Lakini mashujaa ni watano na joka ni mmoja, na katika kila mzunguko kila mtu hupata zamu yake. Zamu tano kwa moja! Wakimpunguzia pointi 45 kwa mzunguko, baada ya mizunguko mitatu amebakiwa na pointi 1.

Wengi walisema dawa yake ni kumwongezea pointi, apewe 300 au 400. Mimi sikubaliani nao hata leo. Joka mjinga mwenye pointi 400 ni joka mjinga yule yule, ila sasa mtu hukaa muda mrefu akipiga na kupiga. Ni kama kurefusha foleni ya chakula bila kuongeza nyama.

Nilipopewa kiti cha Msimulizi nilizisoma tena zile kurasa zilizochakaa, si kutafuta namba kubwa, bali kutafuta ni mambo gani joka aweza kuyatenda ambayo majoka wetu hawakuyatenda kamwe. Nikaona kwamba joka kijana wa kijani huruka futi 80 katika zamu moja, na mtu hutembea futi 30 tu. Huogelea futi 40, na hupumua ndani ya maji sawa na hewani. Akili yake ni 16, ambapo mtu wa kawaida huhesabiwa 10. Yaani joka huyu ana akili kuliko karibu kila mtu kijijini, naye hujua kusema lugha ya watu. Kwa nini basi mnyama mwenye mbawa, mapezi na ulimi aje kusimama chini karibu na panga tano?

Tena kuna pumzi yake. Hutema hewa ya sumu mbele yake mpaka futi 30, na maumivu yake huhesabiwa kwa dado 12 za kawaida. (Sisi wenye dado nne hurusha mara tatu, na kila mara roho za watu huwa juu.) Akiisha kuitema hawezi kuirudia mpaka dado moja ionyeshe 5 au 6 mwanzoni mwa zamu yake, yaani bahati ya moja katika tatu. Kanuni hazisemi afanye nini wakati anangoja. Joka wa mwaka jana alingoja huku akipigwa. Nikaamua kwamba wangu atangojea chini ya maji.

Jambo jingine nililitoa katika hadithi ambayo wengi wetu tumeisikia nyumbani, ile ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika hadithi alizokusanya Unguja. Paka wa Sultani ala mnyama wa kufugwa na Sultani anyamaza. Ala wanyama wakubwa zaidi, anyamaza vile vile. Hata paka yule akawa Nunda, mla watu. Kijana mwana wa Sultani atoka kwenda kumwinda, na kila mara arudipo na mnyama mama yake amwambia siye. Mimi nilimwogopa Nunda kuliko simba yeyote, na ukifikiri, karibu hadithi yote yapita kabla hajaonekana. Basi nami nilimficha joka wangu Jumamosi mbili nzima. Mashujaa waliona mtumbwi mtupu ukielea. Wakaona miti ya kinamasi imekauka upande mmoja tu, kama iliyopulizwa. Wakasikia kwa wavuvi kwamba ndege hawaimbi tena upande ule. Alama hizi ni za kutisha, lakini pia ni za haki, kwa kuwa mwenye kuzifikiri aweza kujua sumu hufika wapi na adui hutokea wapi.

Neno hili la haki ndilo zito kuliko yote. Msimulizi akitaka, aweza kuua mashujaa wote kwa sentensi moja, na wachezaji wajua hivyo. Wakidhani anaongeza namba kwa siri ili joka wake asishindwe, mchezo umekwisha. Kwa hiyo kabla ya pambano niliandika kila kitu juu ya joka huyu: pointi zake, mahali pa kujificha, maneno atakayosema, na kwamba atakimbia akipungua chini ya pointi 40, maana kiumbe mwenye akili hapendi kufa. Karatasi nikaitia katika bahasha, nikaifunga, nikampa katibu wa chama aiweke sandukuni mwake.

Pambano lilikuja Jumamosi ya mvua. Joka hakujitokeza, alisema kutoka ndani ya ukungu, kwa adabu sana. Alisema hana ugomvi na wageni, na kwamba dhahabu ya wavuvi imo katika sanduku kwenye kisiwa kidogo, waichukue na waende zao. Mashujaa wawili, mwizi na mchawi, wakapanda mtumbwi kwenda kisiwani, na mfuko wa dawa ulikuwa pamoja nao. Watatu wakabaki ufukoni wamesongamana: mpiganaji, mpiga mishale, na mganga aitwaye Bibi Salama. Huyu Bibi Salama ni wa mwenzetu wa Kidato cha Pili. Alimwandika siku zake za kwanza hapa shuleni, akamfanya mfano wa bibi yake aliyemlea, na hakuna aliyemchezea shujaa wake kwa uaminifu kama yeye.

Joka akaibuka majini, akatema, akazama. Dado zilitoa 44. Wawili walipata vizibo vizuri wakaumia nusu, pointi 22. Bibi Salama alikuwa na pointi 38, na kizibo chake kilikuwa 6. Akaanguka.

Kanuni yasema aliyeanguka huchota namba kila zamu: 10 au zaidi ni hatua ya kupona, chini yake ni hatua ya kufa, na tatu za kufa zikitangulia, basi. Akachota 7. Mpiganaji alikuwa ameshikwa na joka ndani ya maji. Mpiga mishale akajaribu kumhudumia bila ujuzi, akashindwa. Niliwauliza wa mtumbwini kama wanageuza. Wakatazamana, wakasema wamekaribia sanduku, wataligusa kwanza. Bibi Salama akachota 12. Kisha 4. Kisha 9. Kwa saa ya hadithi zilikuwa sekunde 24. Kwa saa ya bwalo ilikuwa karibu nusu saa, na hakuna aliyecheka.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mawe ya mto.

Siku tatu yule wa Kidato cha Pili hakusema na wale wawili, ingawa mmoja wao hulala kitanda cha juu yake. Nami hakunitazama. Siku ya nne alinijia wakati wa kuteka maji, akasema mbele ya watu, "Kaka, wewe uliongeza namba." Sikubishana naye. Tulimwita katibu akaileta bahasha, nikamwomba mwenye malalamiko aifungue yeye mwenyewe. Aliisoma yote, polepole: 136, 18, dado 12, kujificha majini, dhahabu ya uongo, mawe. Akairudia tena sehemu ya mawe. Kisha akaikunja akanirudishia, akasema, "Joka hakumwua. Waliomwua ni wale." Wenye mtumbwi walikuwapo wakasikia. Mmoja alitaka kujitetea, mwenzake akamshika mkono.

Sijui kama mchezo wapaswa kuwauma watu hivyo, na mwalimu mlezi aliniuliza swali hilo hilo. Nilimjibu kwamba mwaka jana tuliua majoka wanne na sikumbuki hata mmoja, wala hakuna aliyejua nani kati yetu angegeuza mtumbwi.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote watano, na wawili ambao walikuwa wameacha wakaja kutazama. Kwanza walimzika Bibi Salama. Wale wawili ndio waliochimba, hakuna aliyewaambia. Yule wa Kidato cha Pili alikuja na shujaa mpya, mvuvi, na shauri la vita likawa lake. Alisema kila mtu asimame zaidi ya futi 30 mbali na mwenzake, pumzi isipate wawili. Alisema nyavu za wavuvi zitandazwe kati ya vijiti kwenye mlango wa kijito, joka akizama asiwe na pa kwenda. Na kila mwenye upinde asipige mpaka maji yatikisike. Joka alipoibuka alikuta mishale imekwisha kuelekezwa kwake, na alipozama akanaswa mguu. Walipigana mizunguko saba. Hapana aliyekufa, ingawa mchawi alibakiwa na pointi 2.

Wasomaji wanaocheza mahali pengine watasema joka kijana ni mdogo, na kweli. Joka mzima mwekundu ana pointi 256, hupewa vitendo vitatu vya ziada baina ya zamu za wengine, na mara tatu kwa siku aweza kukataa uchawi uliokwisha kumpata. Pangoni mwake hata mahali penyewe humsaidia. Kanuni zenyewe zimekwisha kurekebisha ile hesabu ya zamu tano kwa moja. Lakini hata yeye ukimkalisha chini atauawa akiwa amekaa.

Joka wetu wa kijani hakufa. Alipofika pointi 31 aliukata wavu, akaruka juu ya miti, akaenda kaskazini, kama ilivyoandikwa. Sisi wa Kidato cha Nne tuna mitihani mwezi wa Novemba na hatutamwinda tena. Kurasa sitini, kopo na vizibo vyake nimemkabidhi yule wa Kidato cha Pili, maana chama kimemchagua kuwa Msimulizi wa mwaka ujao. Amekwisha kufunga bahasha yake ya kwanza, nayo imo sandukuni mwa katibu.