Mwangwi wa Ukumbi Mtupu

Spika ya katikati ndiyo iliyoanzisha yote. Hom thieta niliinunua Kariakoo mwaka 2011, mtumba wa Dubai, spika tano na besi yake, na nilichokitaka ni filamu tu. Usoni mwa mashine palikuwa na alama ya SACD. Nilimuuliza muuzaji maana yake, akanijibu, "Hiyo ni original, braza," tukaishia hapo.

Mjomba wangu, baharia mstaafu, alikuwa ameniachia sidii moja aliyoinunua Antwerp: utungo wa Beethoven wa fidla na okestra, mpigaji Arthur Grumiaux wa Ubelgiji, mwongozaji Colin Davis, okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, rekodi ya mwaka 1974. Siku nilipoiweka, timpani ziligonga mara nne, taratibu, bila chombo kingine, kama mpiga ngoma anayejaribu ngozi kabla wenzake hawajaingia. Pigo la tano likapokewa na zumari. Na hapo nyuma yangu, upande wa dirishani, nikasikia kitu ambacho sikuweza kukitaja jina. Haikuwa ala. Ilikuwa kama ukuta wa nyumba yangu umesogea mita ishirini kwenda kwa jirani.

Ila spika ya katikati ilikuwa kimya. Nikaisogezea sikio, hakuna kitu. Nikaichukua mpaka kwa fundi wa mtaani kwetu Temeke, akaifungua kwa bisibisi, akaipima, akaifunga. "Braza, spika nzima hii. Labda diski yako ndiyo mbovu."

Diski nayo ilikuwa nzima. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa. Miaka ya 1970 kampuni za rekodi zilipata wazo la kumzungushia msikilizaji sauti: spika mbili mbele, mbili nyuma. Maikrofoni nyingine zikaelekezwa kwa wapigaji, nyingine zikaachiwa kazi ya kunasa hewa ya ukumbi, na vyote vikaingia kwenye mkanda wenye njia nne. Tatizo lilikuwa santuri. CBS walikuja na mfumo wao wa SQ, Sansui na QS, JVC na CD-4, na santuri ya huyu haikusomeka sawasawa kwa mashine ya yule. Wanunuzi wakachoka. Philips na Deutsche Grammophon wao walirekodi kwa njia nne lakini wakauza kwa njia mbili, na zile mbili za nyuma zikabaki kabatini.

Mwaka 1999 Sony na Philips wakaleta SACD, diski yenye nafasi ya njia tano na zaidi. Miaka miwili baadaye watu waliotoka Philips wakaanzisha kampuni ya Pentatone, wakaanza kufungua makabati yale. Mkanda ulikuwa na njia nne, na wao wakatoa njia nne. Hawakubuni ya tano ili spika ya katikati ipate kazi. Kwa hiyo, kwa diski ya mjomba, ukimya wa spika yangu haukuwa hitilafu, ulikuwa uaminifu. Baadaye nilipata diski ya RCA ya Fritz Reiner na okestra ya Chicago wakipiga *Scheherazade*, iliyorekodiwa mwaka 1960 kwa njia tatu, zote za mbele. Kwa diski hiyo katikati ilinguruma, na nyuma pakawa kimya. Sikuita fundi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ugonjwa wa kukusanya. Kufikia mwaka 2018 nilikuwa na diski kumi na moja, kila moja imebebwa na mtu: mwanafunzi aliyerudi likizo, shemeji aliyekwenda London, rafiki wa Muscat. Mwaka huo kazini wakaniteua kwenda kozi ya wiki tatu ya utangazaji Hilversum, mji wa redio wa Uholanzi ambako watangazaji wengi wa kwetu wamewahi kupita kwa mafunzo. Sikuwahi kuvuka hata Namanga. Ofisa wa uhamiaji aliponiuliza ninakwenda kufanya nini, nilimjibu, "Kozi." Nilimpa nusu ya jibu.

Hilversum niliikuta baridi na safi. Mwenzangu darasani alikuwa dada mmoja mtangazaji kutoka Mombasa, mcheshi, asiyeficha neno. Jumamosi ya kwanza nilimwambia nakwenda Baarn, kituo kinachofuata cha treni, mahali ambapo Philips waliweka kituo chao cha rekodi za muziki wa okestra, na ambapo tangu mwaka 1998 mafundi waliotoka humo walikuwa wakifanya kazi kwa jina la Polyhymnia. Mikanda ya kina Grumiaux ilipita mikononi mwao kabla ya kuwa diski.

"Una miadi nao?"

"Sina."

"Sasa utaona nini?"

Niliona miti. Baarn ni mji wa miti na majumba ya matajiri wa zamani, mbwa wanatembezwa, majani yanaanguka. Nilizunguka saa moja, nikanywa kahawa, nikarudi. Dada aliponiuliza habari za huko, nikamwambia ni pazuri. Akacheka mpaka akashika meza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Amsterdam. Duka la Concerto liko Utrechtsestraat tangu mwaka 1955, nyumba kadhaa zilizotobolewa kuta zikaungana, unaingia kwenye rege unatokea kwenye jazi. Sehemu ya okestra ilikuwa na mzee mmoja muuzaji, miwani imekaa puani. Nilimuuliza habari za SACD za mitumba. Akanitazama kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote Dar es Salaam: "Za njia ngapi?"

Nilijibu kama mtoto aliyejua swali la mtihani. Tukakaa saa mbili. Nilipata Ravel ya Bernard Haitink na okestra ileile ya Concertgebouw, *Boléro* na *La Valse*, kwa bei ambayo Dar ningenunulia kuku watatu. Kisha mzee akanitolea santuri kuukuu: Pierre Boulez na okestra ya New York, utungo wa Bartók, rekodi ya mwaka 1972, mfumo wa SQ. Hapo, alinieleza, mafundi wa CBS waliwaza tofauti. Hawakuweka wapigaji mbele na ukumbi nyuma. Waliwapanga wapigaji duara, mwongozaji katikati, na msikilizaji akakalishwa pale anaposimama mwongozaji: fidla huku, tarumbeta kule, ngoma kisogoni.

"Wengi hapa hawaupendi," alisema. "Wanasema ni mchezo wa sarakasi. Nani anasikiliza okestra akiwa katikati yake?"

Nilimwambia kwetu tunasikiliza hivyo. Kwenye taarabu, wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda mbele kumtunza mwimbaji, na hapo ulipo kanuni iko ubavuni, akodiani inakupumulia sikioni, dufu liko nyuma ya bega. Ukirudi kwenye kiti, muziki unarudi kuwa mbele. Kiti kimoja tu hakimtoshi msikilizaji. Mzee alilifikiria hilo, akasema basi nichukue santuri. Nikamwambia sina mashine ya kuisoma. "Hata mimi sina," akasema, akairudisha rafuni kwa heshima, kama mtu anayerudisha picha ya marehemu ukutani.

Lakini safari yenyewe ilikuwa Jumatano. Concertgebouw walikuwa na tamasha la mchana, saa sita na nusu, lisilo na kiingilio, na darasani tulikuwa tumepewa nusu siku. Dada wa Mombasa akasema atanisindikiza. Kwenye tramu akaniuliza ninakwenda kusikiliza nini hasa.

"Ukumbi."

"Yaani kaka, umetoka Temeke kuja kusikiliza mwangwi?"

Nilimweleza ninayoyajua. Ukumbi ulifunguliwa tarehe 11 Aprili 1888, kwenye ardhi chepechepe, ukasimama juu ya nguzo za mbao zaidi ya 2,000 zilizokitwa chini. Karne moja baadaye mbao zikaanza kuoza, jengo likaanza kuzama, na miaka ya 1980 wakaziondoa na kuweka za chuma. Kwa hiyo Grumiaux alipiga fidla yake jengo likiwa bado limesimama kwenye miguu yake ya mbao. "Na wewe unasikia miguu?" akaniuliza. Nikanyamaza.

Ndani ukumbi ni mrefu wa mstatili, kama kisanduku cha kiberiti, viti kama 2,000, majina ya watunzi yameandikwa kuzunguka roshani. Jukwaa liko juu sana, na nyuma yake ngazi ndefu ambazo mwongozaji huteremka mbele ya macho ya watu wote. Nilichagua kiti cha katikati, nikafumba macho. Wapigaji vijana wakaanza kupiga.

Walipiga vizuri sana. Sauti ilikuwa ya joto, kila ala imekaa mahali pake. Lakini nilichokuja kukitafuta hakikuwepo. Wapigaji walipokata sauti kwa pamoja nilingoja ule mkia, ule ukuta unaosogea, na ulikuja mfupi kuliko ninaoujua. Nilikaa nikihisi kama mtu aliyekwenda kumwona rafiki wa barua miaka mingi, akafunguliwa mlango na ndugu yake.

Niliwatazama watu waliojaa, makoti magotini, ndipo nikakumbuka kilichoandikwa katika kila maelezo ya ukumbi ule: ukiwa mtupu mwangwi wake hudumu karibu sekunde 2.8, ukijaa watu hushuka hadi kama 2.2. Miili hunyonya sauti, nguo hunyonya sauti. Grumiaux na Davis walikuwa wakirekodi, hapakuwa na hadhira. Ukumbi ninaoujua mimi ni ule ambao mwenye tiketi hawezi kuusikia, kwa sababu yeye mwenyewe, kwa kuingia, anaupunguza. Kumbe kitu kilichokaa kabatini miaka thelathini katika zile njia mbili za nyuma ni viti vitupu.

Tamasha likaisha, watu wakatoka kwa mkupuo, wanarudi makazini. Nilimwomba dada tubaki kidogo. Ukumbi ukapungua safu kwa safu. Jukwaani kijana mmoja alikuwa akikusanya stendi za noti, na moja ikamponyoka ikaanguka kwenye mbao.

Sauti ilipanda juu ya vichwa vyetu, ikazunguka chini ya majina ya watunzi, ikatua nyuma yetu, upande wa kulia. Ningekuwa nyumbani ningesema ni dirishani.

Dada aligeuka nyuma kutazama kimeanguka nini. Hapakuwa na kitu. Akanitazama.

"Ndiyo huo?"

"Ndiyo huo."

Hakucheka. Akatazama jukwaa, akamtazama msimamizi aliyekuwa akitukaribia kwa adabu kutuambia muda umekwisha, akakohoa mara moja, makusudi, akasikiliza.

Ravel ilirudi nami Temeke, imefungwa ndani ya sweta. Siku moja mtoto wa jirani alikuja kutazama katuni, akakuta muziki unaendelea, akapita spika moja moja akiziwekea kiganja. Alipofika ya katikati akaniambia, "Anko, hii imekufa." Nikamwambia akae kwanza, asikilize za nyuma.