Kasulu: Kanisa Lako au Langu?

Yeye Mkatoliki, mimi Mwanglikana. Harusi ifungwe wapi? Toka Kibondo mpaka Kasulu tulinuniana.

Nikakumbuka mchezo ulioanzia Marekani Mei 2000: unaficha kopo, mwenzio analisaka kwa GPS. Tukakubaliana kila mmoja afiche kwenye kanisa lake, baada ya kuomba ruhusa. Langu nikaliacha Kasulu mjini, makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika iliyoanzishwa 1966. Lake, Misheni ya Kabanga.

Nikapanda bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Ndani ya kopo, kikaratasi: "Umeingia kwetu, mbona hujaungua?" Nilicheka peke yangu.

Padri na mchungaji bado hatujawaona. Ila jioni tulikula sahani moja.

Na wewe, umeshawahi kukanyaga nyumba ya ibada ya mwenzio?